Vifaa vya Kijapani vya bei nafuu: kipi kinafaa nyumbani na kipi kinaunguza pesa

Ukipita kwenye magulio yetu, kuanzia Nyabibuye hadi Kibondo na Kasulu, hukosi kuona turubai limetandazwa chini likiwa na vifaa vidogo vya nyumbani: tochi za kuzungusha kwa mkono, redio za mfukoni, taa za sola, vikata mboga, majiko ya umeme ya wali, chupa za chai na vitu vingine ambavyo hata muuzaji hana uhakika na kazi yake. Muuzaji atakuambia, "Hii ni Japani orijino." Bei ni nafuu, kifaa kinang'aa, na pesa ya maharage iko mfukoni.

Wasikilizaji wetu wametuuliza mara nyingi kuhusu vifaa hivi. Swali lililotusukuma kuandika makala haya lilitoka kwa msikilizaji wa Nyabibuye aliyenunua jiko la umeme la wali lililokwishatumika. Alilichomeka jioni, na baada ya dakika chache likatoa moshi, soketi ikayeyuka na ukuta ukabaki mweusi. Watoto walitolewa nje wakiwa salama. Fundi alipolifungua aliona kwamba jiko halikuwa bovu. Lilitengenezwa kwa umeme wa Japani, likapewa umeme wa Tanzania.

Hapa tumekusanya yale tuliyoyaeleza hewani pamoja na majaribio rahisi tuliyofanya sisi wenyewe. Unaweza kuyahifadhi kwenye simu na kuyasoma ukiwa gulioni.

Kwa ufupi

- Kifaa cha umeme kilichoandikwa 100V peke yake usikichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya Tanzania.
- Redio iliyoandikwa FM 76–90 haitakamata stesheni nyingi za kwetu.
- Betri ndogo ya kuchaji yenye ukubwa wa kidole gumba ikiandikwa 9900 mAh, maandishi hayo ni ya uongo.
- Betri za kifungo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza, ni hospitali mara moja.
- Vifaa vya Kijapani vinavyotufaa zaidi ni vile visivyotumia umeme: jiko la udongo la vyungu vitatu, kapu la joto na mfuniko wa ndani ya sufuria. Unaweza kuvitengeneza mwenyewe.

Vitu hivi vinatoka wapi

Vinatufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni vitu vilivyokwishatumika Japani. Nchi ile huuza nje magari mengi yaliyotumika, na watu wa Afrika Mashariki tunayafahamu vizuri. Vyombo vya nyumbani vilivyotumika navyo huingia kama mtumba. Vingi bado ni vizima, kwa sababu wenyewe waliviacha walipohama nyumba au waliponunua vipya.

Njia ya pili ni vitu vipya vya bei ndogo. Japani kuna maduka yanayouza karibu kila kitu kwa yen 100. Linalojulikana zaidi ni Daiso, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1977 na Yano Hirotake katika mkoa wa Hiroshima. Kabla ya hapo Yano alikuwa akipakia bidhaa kwenye lori na kuziuza akihama mji kwa mji, kama wafanyabiashara wetu wa magulio. Bidhaa zilikuwa nyingi mno kuandikiwa bei moja moja, akaamua vyote viwe yen 100. Maduka ya namna hiyo yalizoesha watu vifaa vidogo vyenye kazi moja tu: cha kumenya, cha kukamua, cha kushikia mfuniko, cha kupitishia uzi kwenye sindano.

Hata vitu vya maduka hayo vingi hutengenezwa China na nchi nyingine za Asia. Kwa hiyo neno "Japani" kwenye boksi linaweza kumaanisha kilitengenezwa huko, kilibuniwa huko, kiliuzwa huko, au kimebandikwa jina tu. Jina halikulindi. Kinachokulinda ni kusoma kibandiko na kukijaribu kifaa.

Kuna pia video zinazozunguka kwenye simu zikionyesha vifaa vya ajabu kutoka Japani: vijiti vya kulia vyenye feni ndogo ya kupoza chakula, au kofia yenye karatasi ya kupangusia mafua. Usivitafute gulioni. Vingi ni vya utani unaoitwa chindogu, jina lililotolewa na Mjapani Kawakami Kenji. Moja ya kanuni za chindogu ni kwamba kifaa hakiruhusiwi kuuzwa. Viliundwa kuchekesha.

Umeme: namba ya kuangalia kwanza

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wa kwetu ni volti 230. Geuza kifaa, tafuta kibandiko chini au nyuma. Hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba ni zile zile tunazotumia sisi.

- Ukiona 100–240V, kifaa kinakubali umeme wa Japani na wa kwetu. Chaja nyingi za simu na kompyuta ziko hivi. Unahitaji kubadilisha plagi tu.
- Ukiona 220V, 230V au 220–240V, kifaa ni cha umeme kama wetu.
- Ukiona 100V peke yake, kifaa ni cha Japani tu. Hapo simama.

Kwa nini kifaa cha volti 100 kinaungua? Tuchukue jiko la wali la wati 600. Likipewa volti 100, linavuta umeme wa ampea 6. Ukilipa volti 230, msukumo unaongezeka mara 2.3, na umeme unaopita nao unaongezeka mara 2.3. Nguvu ni volti mara ampea, kwa hiyo joto linaongezeka zaidi ya mara tano. Waya uliokusudiwa wati 600 unabebeshwa zaidi ya wati 3,000. Hakuna jiko dogo linaloweza kuvumilia hilo.

Plagi ya Japani ina pini mbili bapa zisizoingia kwenye soketi yetu ya pini tatu. Hiyo ni dalili ya kukuonya. Tatizo linaanza pale mtu anapoikata na kufunga plagi yetu, au anapouziwa adapta. Adapta inabadilisha umbo la pini, haibadilishi volti. Kifaa kilichotumika kikiwa na plagi mpya, angalia kibandiko mara mbili.

Dawa ya kweli ni transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 100. Lakini piga hesabu kwanza. Transfoma lazima iwe na uwezo mkubwa kuliko wati za kifaa. Kwa jiko la wati 600, tafuta ya wati 1,000. Vile visanduku vidogo vya wati 50 au 100 vinafaa kwa kitu chepesi, siyo kwa kitu kinachotoa joto. Pia transfoma nyingi madukani hushusha hadi volti 110, kwa ajili ya vifaa vya Marekani. Volti 110 kwenye jiko la volti 100 huongeza joto kwa karibu asilimia 20, na kifaa hakitadumu. Ukijumlisha bei ya jiko na bei ya transfoma, mara nyingi jiko jipya la volti 230 linakuwa rahisi zaidi.

Jiko la umeme la wali linafanyaje kazi

Tunalieleza kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi. Toshiba ya Japani ilianza kuuza jiko la wali linalojizima lenyewe mwaka 1955. Aliyelibuni, Minami Yoshitada, aliligundua kwa msaada wa mke wake Fumiko, aliyepika wali mara nyingi sana nyumbani akipima muda na joto.

Siri yake ni moja. Maji yakiwa yanachemka, joto la sufuria halipandi kupita kiwango cha kuchemka. Mchele ukishakunywa maji yote, joto linaruka ghafla. Kifaa kidogo chini ya sufuria kinahisi mruko huo na kuzima. Ndiyo maana jiko zima hujizima lenyewe bila saa.

Kulijaribu kabla ya kulipa, ukishahakikisha volti, weka maji kikombe kimoja, washa, na subiri yaishe. Likijizima ndani ya dakika chache baada ya maji kukauka, kihisio ni kizima. Likiendelea kuwaka, mwachie mwenyewe. Angalia pia sehemu ya chini ya sufuria ya ndani: ikiwa imebonyea, haitagusa kihisio vizuri na wali utaungua.

Kuhusu LUKU, jiko la wati 600 likifanya kazi nusu saa linatumia uniti 0.3. Hicho si kiasi kikubwa. Gharama kubwa ni ya kununua kifaa kisicho sahihi.

Redio: kwa nini stesheni haisikiki

Hili linatugusa sisi moja kwa moja. Tanzania, kama sehemu kubwa ya dunia, hutumia FM kati ya 87.5 na 108 MHz. Japani ilipanga FM yake kuanzia 76 hadi 90, na baadaye ikaongeza hadi 95. Redio ya Kijapani inaweza kuwa nzima kabisa na bado ukakosa stesheni zote zilizo juu ya 90 au 95.

Wenye magari wanajua dawa yake: kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kikiwa cha kushusha 20 MHz, stesheni ya 101.5 utaipata kwenye 81.5. Kikiwa cha 12 MHz, stesheni ya 98 utaipata kwenye 86. Ukitaka kujua stesheni iko wapi, chukua namba yake utoe kiwango kilichoandikwa kwenye kifaa. Ukikuta stesheni mbili zinaingiliana, tatizo ni kwamba baada ya kushushwa moja imeangukia pale ambapo stesheni nyingine ipo tayari.

Redio ya mfukoni haina mahali pa kufunga kifaa hicho. Kwa hiyo angalia maandishi pembeni mwa kioo cha namba. FM 76–90 au 76–95: iache. FM 76–108 au 87–108: inafaa. Njia ya uhakika zaidi ni kuiwasha pale pale gulioni na kutafuta stesheni unayoisikiliza kila siku. Muuzaji anayekataa uwashe redio amekujibu tayari.

Redio na tochi za kuzungusha

Japani ni nchi ya matetemeko. Baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995, na tena baada ya tetemeko na mawimbi ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, watu wengi walikaa bila umeme, na kila nyumba ikahimizwa kuwa na redio na taa isiyotegemea soketi. Ndiyo maana redio za kuzungusha mkono, zenye tochi, kipande cha sola na tundu la kuchaji simu, zimeenea sana huko. Wazo la redio ya kujaza kwa mkono kwa ajili ya Afrika lilikuwepo pia: Mwingereza Trevor Baylis alibuni ya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ikatengenezwa Cape Town.

Kwa nyumba isiyo na umeme, kifaa hiki kina maana. Lakini kiwekee matarajio sahihi. Katika zile tulizojaribu, kuzungusha dakika moja kulitupa dakika chache za redio kwa sauti ya wastani. Tochi ya LED ilidumu zaidi. Kuchaji simu kwa mkono ni kazi ya jasho: baada ya dakika tano za kuzungusha, simu ya kitochi ilipata nguvu ya kupiga simu fupi, na simu kubwa ya kugusa haikuonyesha hata asilimia moja iliyoongezeka. Kwa dharura ya usiku, mgonjwa yupo na simu imezima, hiyo simu fupi ni kitu kikubwa. Kwa matumizi ya kila siku, tegemea sola.

Cha kupima gulioni: zungusha mpini mara ishirini, uwashe, kisha uzime na uwashe tena baada ya nusu saa ukiwa bado unazunguka sokoni. Ikiwa nguvu imekwisha bila kutumika, betri ya ndani imekufa. Sikiliza pia meno ya mpini. Ukisikia mruko, ni plastiki imeliwa.

Betri: maandishi na ukweli

Watanzania wa umri mkubwa wanazikumbuka betri na redio za National. Kampuni ya Matsushita ya Japani, ambayo leo tunaiita Panasonic, ilijenga kiwanda Dar es Salaam miaka ya 1960. Betri hizo ndizo zilizokuwa zikiendesha redio nyingi vijijini.

Leo tochi nyingi zina betri ya kuchaji ya duara, ndefu kama kidole gumba, inayoitwa 18650. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 18 na urefu milimita 65. Betri nzuri kabisa ya ukubwa huo hubeba takriban 3,500 mAh. Ukiona 6800, 9900 au 12000, anayeuza anakuuzia namba. Tulizifungua tochi mbili za namna hiyo. Moja ilikuwa na betri nyepesi isivyo kawaida. Uzito ni kipimo kizuri: betri ya kweli ya ukubwa huo ina takriban gramu 45, na mizani ya muuza karanga inaweza kukusaidia.

Mambo manne ya usalama:

- Usichanganye betri kavu mpya na za zamani. Mpya huchoka haraka na ya zamani huvuja.
- Usiweke betri kwenye moto au juu ya jiko ili "kuziamsha". Zinaweza kulipuka.
- Betri ya kuchaji iliyovimba usiichaji tena.
- Vifaa vidogo vya kuchezea, saa, mizani na vitaa vya mapambo hutumia betri za kifungo. Mtoto akimeza, betri inaweza kuunguza koo ndani ya saa chache hata kama haoni maumivu. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na uwaambie ni betri. Kifaa ambacho mfuniko wa betri hauna skrubu kisiwekwe nyumba yenye mtoto mdogo.

Jiko la vyungu vitatu: lililofika Kenya

Katika vitu vyote vya nyumbani vilivyotoka Japani kuja Afrika Mashariki, kilicho na faida kubwa zaidi kwa mama wa kijijini hakina waya wala betri. Miaka ya 1990, mtaalamu wa Kijapani Kishida Kesa alifanya kazi magharibi mwa Kenya kupitia shirika la JICA. Katika kijiji cha Enzaro aliona akina mama wakipika kwa mafiga matatu, chungu kimoja kwa wakati mmoja, moshi umejaa na watoto wako karibu na moto. Akakumbuka jiko la kwao la zamani, linaloitwa kamado.

Walilijenga kwa vitu vilivyopo: mawe na udongo. Lina mdomo mmoja wa kuni na matundu matatu juu, hivyo moto mmoja unapika vyungu vitatu. Faida haikuishia kwenye kuni. Chungu cha tatu kilitumika kuchemsha maji ya kunywa bila kuni za ziada, na hilo likasaidia kupunguza kuharisha kwa watoto. Moto ukiwa umezingirwa na udongo, mtoto hauangukii kirahisi. Akina mama waliliita jiko la Enzaro, na likasambaa kijiji hadi kijiji kwa mtu kumfundisha jirani.

Kwa wilaya zetu, ambako kuni zinafuatwa mbali zaidi kila mwaka, jiko hili linajengeka. Yafuatayo ndiyo ya kuzingatia:

1. Chagua mahali jikoni penye hewa, mbali na nyasi za paa.
2. Chukua udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, uchanganye na nyasi zilizokatwa na maji, ukande hadi ushikamane.
3. Panga mawe kuzunguka sufuria zako mwenyewe, ili matundu yatoshe sawasawa. Pengo kubwa linatoa moto nje.
4. Acha njia ya moto kupita kutoka tundu la kwanza hadi la pili na la tatu.
5. Liache likauke kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kuwasha moto mkali. Ukiharakisha litapasuka.
6. Nyufa ndogo zizibe kwa udongo ule ule.

Kapu la joto: maharage bila kukaa jikoni

Wajapani wana mtindo wa kuchemsha chakula, kukitoa motoni na kukiacha kiive kwa joto lake. Wanauza masufuria ya kuta mbili kwa kazi hiyo, ambayo ni ya bei kubwa. Kapu la matete, blanketi kuukuu na mto wa nguo hufanya kazi ile ile.

Tulipima kwa sufuria moja ya maharage ya Kibondo. Tuliyaloweka usiku kucha, tukamwaga maji yale, tukaweka mapya na kuchemsha kwa nguvu dakika 20. Kisha sufuria ikiwa imefunikwa tuliiweka kwenye kapu, tukaizungushia blanketi pande zote, juu na chini, bila kufungua. Baada ya saa tano maharage yalikuwa laini na sufuria bado ilikuwa ya moto. Maharage ya msimu uliopita hayakuiva vizuri na tuliyarudisha motoni nusu saa.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, maharage lazima yachemke kweli kweli kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kuingia kapuni, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoharibiwa na mchemko tu. Joto la wastani haliiondoi. Huku kwetu juu, kwenye mwinuko wa mita 1,000 na zaidi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, ndiyo maana tunashauri dakika 20. Pili, ukifungua kapu na kukuta chakula ni vuguvugu, kichemshe upya kabla ya kula. Nyama kubwa usiiweke kapuni.

Mfuniko wa ndani

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote. Ni mfuniko wa mbao mdogo kuliko mdomo wa sufuria, unaolala juu ya chakula chenyewe. Wajapani huutumia kupika mboga na samaki kwa maji kidogo. Mvuke unarudi chini, chakula hakivurugiki, na kuni zinapungua. Mama zetu wanaijua kanuni hiyo: ndizi zikifunikwa kwa majani ya mgomba ndani ya sufuria, ni kazi ile ile. Ukichonga wa mbao, tumia mbao isiyo na rangi wala dawa, na uuloweshe kabla ya kuuweka.

Dawa ya mbu ya kuzunguka

Wengi hawajui kwamba ile dawa ya mbu ya mviringo ni ubunifu wa Kijapani. Ueyama Eiichiro wa Wakayama alianza na vijiti vya unga wa pareto karibu mwaka 1890. Vijiti viliwaka kama dakika 40 tu. Mke wake, Yuki, ndiye aliyetoa wazo la kuvikunja viwe vya mviringo ili viwe virefu, na dawa ya umbo hilo ikaanza kuuzwa mwaka 1902. Iliwaka kwa saa nyingi, karibu usiku mzima. Pareto hulimwa Tanzania pia, hasa nyanda za juu kusini.

Ikitumika, iwekwe juu ya bati au sahani, mbali na chandarua, godoro na nyasi, na dirisha liwe wazi. Moshi wake ni moshi, usiufungie chumbani na mtoto mchanga. Nayo haichukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Kigoma malaria ipo, na mbu wa malaria huuma usiku tunapolala.

Hatua za kununua

1. Uliza kazi ya kifaa, kisha jiulize nyumbani unaifanyaje kazi hiyo sasa. Kisu kikiwa kinatosha, kisu kinatosha.
2. Soma kibandiko: volti, wati, masafa ya FM.
3. Kiwashe mbele ya muuzaji. Hakuna umeme? Omba kukijaribu kwenye kibanda cha kuchajia simu.
4. Nusa. Harufu ya plastiki iliyoungua haitoki, na kifaa kilichowahi kuungua kitaungua tena.
5. Uliza vipuri: betri, glasi, kisu chake vinapatikana Kibondo au Kasulu? Kisichokuwa na kipuri ni cha kutupa.
6. Omba risiti, na uandike tarehe na jina la bidhaa. Ukiuziwa bidhaa bandia, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Masuala ya ubora na alama ya ubora ni ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bila risiti ni vigumu kusaidiwa.

Ukiwa na kifaa usichokielewa, usikichomeke kwanza. Piga picha ya kibandiko chake ikiwa wazi, namba zionekane, ututumie kwenye kipindi. Tutamwonyesha fundi na kukujibu hewani, ili na jirani yako mwenye kifaa kama hicho asikie.